Pama ya Damiano

Watu wa siku hizi wakiniambia kwamba picha haidanganyi kwa kuwa imepigwa na mashine, huwa nawaambia wakae chini kwanza. Mimi Enesi niliiona mashine hiyo ikimwita mume wangu mwizi mbele ya watu, na mume wangu Damiano hajawahi kuiba hata hindi bichi la kuchoma. Na msinikatize. Hasira nimezaliwa nazo, mama yangu ananizidi, na nitamfikia mama yangu, maana bila yeye mambo haya yangeishia pabaya.

Ilikuwa mwaka ule aliotawazwa Malkia wa Waingereza. Kijiji chetu kiko huku Mbozi, na wakati huo kilipakana na shamba kubwa la kahawa la mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mluzi, kwa sababu vibarua wake aliwaita kwa mluzi uleule aliomwitia mbwa wake. Na sisi tulikuwa na kahawa yetu, kila mtu kashamba kake nyuma ya nyumba. Lakini ili ipimwe tulikuwa tunaipeleka ghalani kwa Bwana Mluzi. Yeye ndiye anayepima, yeye ndiye anayesema hii nzuri, hii takataka, na ya mtu mweusi ilikuwa takataka kila mwaka.

Mwaka ule watu wakasema sasa basi. Wakafyatua matofali, wakajenga ghala lao wenyewe, wakaezeka. Mwene, yaani chifu wetu, akauliza ufunguo ashike nani, na watu wakamtaja Damiano. Mume wangu si msemaji, hata harusini hutaka kukaa karibu na mlango, lakini ukimwachia kitu chako leo, ukija baada ya mavuno mawili utakikuta. Mwene akampa ufunguo. Akaufunga kwa kamba, akauvaa shingoni ndani ya shati.

Bwana Mluzi alichukia kweli. Alikwenda kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, akamwambia mtu mweusi akishika ufunguo wa ghala, kahawa itaibwa, na ikiisha ya wenziwe ataingia kwa jirani. Bwana DC alikuwa mtu wa polepole. Akasema baada ya mavuno atakuja mwenyewe kwenye baraza, amsikilize huyo mwenye ufunguo, ndipo aamue kama ghala litafunguliwa au litafungwa. Kwa hiyo mjue mapema: ghala lile lilisimama juu ya jina la Damiano. Jina likichafuka, ghala limekufa, na sisi tunarudi kwenye mluzi.

Kabla ya mavuno, mimi na Damiano tulikwenda Tunduma kununua kitambaa cheupe cha ubatizo wa binti yetu Aida. Tunduma ya wakati ule msiifikirie kama hii ya leo, malori mpaka mtu hana pa kupita. Ilikuwa kibanda cha forodha, mstari wa maduka ya Wahindi, na vumbi. Tukakuta wazungu wametega mashine ya miguu mitatu katikati ya barabara. Mkubwa wao watu walimwita Bwana Picha. Ubavuni mwake alisimama kijana wa Kindali kutoka Ikinga, jina lake Timotheo, mkalimani wake, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa.

Timotheo akatueleza kwamba serikali inatengeneza sinema ya maisha ya mjini, ili vijana waone ubaya wa kukimbilia mijini na migodini. Nikamuuliza mji wenyewe uko wapi. Akaonyesha yale maduka. Jamani, nilicheka mpaka nikashika kiuno. Tunduma ndiyo mji! Akasema wakishaweka maneno juu yake, mtu wa Mwanza atajuaje. Neno hilo lilipaswa kunishtua, wala halikunishtua.

Mke wa Bwana Mluzi naye alikuwamo katika sinema hiyo. Alikuwa anatembea mbele ya maduka na mkoba mkononi, anaambiwa arudi, anatembea tena. Sisi tukapita na hamsini zetu. Damiano alivaa pama, kofia yake pana ya kahawia, na kwapani amebana kitambaa cha mtoto, kimefungwa kwenye karatasi. Mara nikamwona mama yangu, Nesta, anavuka mpaka na kapu la karanga kichwani.

Hapa nieleze kwa asiyejua. Mimi ni Mnamwanga, kwetu ni Nakonde, ng'ambo ya pili, iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini. Mpaka ni wa wazungu, ukoo ni wetu, na mama alikuwa akiuvuka siku za soko bila kufikiri. Na kwetu, kama ilivyo kwa Wanyiha, kabila la mume wangu, na kwa Wandali, mwanamume haonani na mama mkwe wake. Hali naye, hasemi naye, na akimwona njiani anaiacha njia, anafunika uso, anajibanza pembeni mpaka mama apite. Si woga, wala si chuki. Ni heshima. Yule ndiye aliyemzaa mkeo, huwezi kumkodolea macho kama mbuzi wa mnadani. Na heshima hiyo haiondoki mpaka siku mama mwenyewe aifungue kwa kinywa chake, na wako wanaokufa hawajaifungua. Tangu niolewe, Damiano alikuwa hajauona uso wa mama yangu.

Basi alipomwona tu, alivua pama, akaiweka usoni, akainama, akageuka, akatimua mbio mpaka nyuma ya duka la Mhindi, kifurushi kwapani. Mama naye akajifunika kitenge, akatazama upande mwingine, akapita. Nilimfuata mume wangu huko nyuma nikamtania kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Tukanunua chumvi, tukarudi nyumbani, na mtoto akabatizwa.

Sinema ililetwa baada ya mavuno. Ilianzia shambani kwa Bwana Mluzi, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, jua lilipokwisha kuzama. Walitundika shuka kubwa jeupe katikati ya uwanja. Upande wa mbele wakaweka viti, wakakaa wazungu. Sisi tulipelekwa upande wa nyuma, tukakaa chini, tukaitazama sinema kwa mgongoni. Kila kitu kilikuwa kimegeuka, wa kulia yuko kushoto, na maandishi hata mwalimu wetu hakuweza kuyasoma. Jirani yangu Ketrina akasema hata picha tunapewa makapi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana anaishi vizuri shambani kwa bwana wake, analima, anaimba. Siku moja anatoroka kwenda mjini. Huko mjini kila mtu mweusi ni mlevi, mcheza kamari au mwizi, na kila mzungu ana neno la hekima la kumpa. Nilianza kuona chuya kwenye huo mchele. Kisha akatokea mke wa Bwana Mluzi na mkoba wake, anatembea mbele ya maduka ya Tunduma. Na mara, huyo hapo, mume wangu.

Watu walishangilia. Ee, Damiano! Wakampigapiga mabegani, wakamwita mzungu, na yeye mwenyewe akatabasamu kidogo. Ilikuwa ileile siku ya Tunduma: anavua pama, anaficha uso, anainama, anakimbia na kifurushi kwapani. Kisha sauti ya Timotheo ikatoka kwenye kipaza sauti, inasoma maneno ya sinema kwa Kiswahili safi.

"Tazameni mwizi wa mjini. Amekwapua mali ya mama wa Kizungu, na sasa anaficha uso wake kwa aibu."

Baada ya hapo akaonyeshwa mtu mwingine kabisa, kwa nyuma, pama kama ile, anachapwa viboko na askari. Upande wetu, waliokuwa wanampigapiga Damiano mabegani wakaondoa mikono. Upande wa pili wa shuka nikamsikia Bwana Mluzi anacheka kicheko kirefu. Nilimshika Damiano mkono.

Kesho yake Bwana Mluzi alipomwona Damiano barabarani alimsalimu kwa jina jipya. Mwizi, hujambo. Hilo ningelimeza, maana kwake nilitegemea nini? Lililoniua ni watu wetu wenyewe. Watu waliokula ugali wangu wakaanza kusema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wakaniuliza kwapani alibana nini. Nikawaambia kitambaa cha Aida, mlikiona kanisani kwa macho yenu. Wakasema ndiyo, lakini mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Wakimjua yeye tangu akiwa anachunga, wakaiamini mashine waliyoiona jana!

Mwene alikuja mwenyewe nyumbani. Aliona haya, alikaa muda mrefu anazungumzia mvua. Mwishoni akasema Bwana Mluzi amekwisha kumpelekea DC habari za sinema ile, na DC ameagiza ionyeshwe tena siku ya baraza, aitazame mwenyewe, kwa hiyo ni heri ufunguo ukae kwake kwanza. Damiano akaifungua ile kamba shingoni, akautoa ufunguo kwa mikono miwili, bila neno. Mimi nilisema maneno ya watu wawili, na mengine siyarudii hapa kwa kuwa mwene amekwisha kufa.

Tukamfuata Bwana Picha kwenye nyumba ya wageni ya serikali. Sitamsingizia, hakutufukuza. Alituletea chai, tukanywea nje barazani. Damiano akamweleza taratibu mambo ya mama mkwe, na Timotheo akatafsiri huku anatazama viatu vyake. Bwana Picha akasikiliza, akasema hayo ni mambo mazuri sana ya kuandikia kitabu. Lakini sinema ni hadithi tu, akasema, hakuna anayesema Damiano ndiye mwizi, yule ni mtu mweusi wa mjini, mtu yeyote tu. Na ni kwa faida yetu wenyewe. Akaagiza Damiano apewe shati jipya.

Damiano aliliweka lile shati juu ya meza. Akauliza, "Kama ni mtu yeyote tu, mbona yule mama wa Kizungu hamkumfanya mwizi?"

Timotheo hakulitafsiri hilo upesi. Alipolitafsiri, Bwana Picha alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema chai inapoa. Tukainuka. Nilimgeukia Timotheo pale pale kwenye ngazi, nikamwambia yeye ni Mndali, ana mkwe au atakuwa naye, siku ile alimwona mume wangu na alimwona mama yangu, na alijua. Akanijibu chinichini kwamba yeye anasoma alichoandikiwa, ana wadogo zake wanaosoma kwa mshahara ule. Nilimwambia basi awafundishe hao wadogo zake kuficha nyuso mapema.

Njiani Damiano alinieleza kwamba siku ya baraza atasimama, ataeleza, wakikataa wamekataa. Nami nilijua watakataa. Mtu mmoja mpole na maneno yake upande huu, sinema ya serikali upande ule. Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, na shahidi huyo hakuweza kusimama mahali alipo Damiano.

Nilikwenda Nakonde bila kumwambia mume wangu. Ningemwambia angenizuia. Mama alikuwa anapepeta, sikumaliza hata salamu. Nilipofika pale penye kuja kusimama barazani, akaweka ungo chini.

"Awe," akasema, hapana kwa lugha ya kwetu. Mama mkwe anayejipeleka mwenyewe mbele ya mkwewe ni kama amevua nguo sokoni. Wataimba juu yake mpaka kaburini. Akaniuliza nimekosa adabu lini, na kama ndiyo elimu ninayopewa huko Mbozi. Nililia, si kwa huzuni, kwa hasira. Nikamwambia haya, kaa na heshima yako, mume wangu atakaa na wizi.

Mama akaokota ungo, akapepeta kidogo, akaacha. Akaniuliza siku ile ya Tunduma mkwewe alibana nini kwapani. Nikamwambia kitambaa cha ubatizo wa Aida. Mjukuu wake, ambaye hakumwona akibatizwa kwa sababu baba wa mtoto alikuwa kanisani.

Akauweka ungo kando. Kisha akasema, "Yule kijana aliniheshimu mimi, wakamwita mwizi. Basi aliyetukanwa ni mimi." Akaniuliza baraza ni lini.

Siku ilipofika, uwanja wa baraza ulijaa mpaka barabarani. Shuka lilifungwa kati ya mikalitusi miwili. Mwene, naye nampa sifa yake hapa, alikataa watu wake kukaa nyuma ya shuka. Akasema huu ni uwanja wa baraza lake, si wa kuanikia kahawa. Kwa hiyo wazungu wakawekewa viti mbele, Bwana DC katikati, Bwana Mluzi na mkewe kulia kwake, mbwa wao chini ya kiti, na sisi sote nyuma yao, tunatazama upande mmoja. Damiano aliitwa akae ubavuni mwa viti, pamoja na wazee, kwa kuwa habari yake ingesikilizwa sinema ikiisha.

Nyumbani nilikuwa nimemsihi aiache ile pama. Alikataa. "Mama Aida, nikiiacha nitakuwa nimekubali," akasema. Akaipiga vumbi, akaivaa, tukaenda.

Mama nilimficha katikati ya wanawake, amejifunika, kitenge mpaka puani. Injini ikaunguruma, taa ya mashine ikawaka. Kijana akalima, akaimba, akatoroka. Walevi wakapita, wacheza kamari wakapita. Nikahisi mama ananiachia mkono.

Alikwenda polepole, hakuinama kukwepa mwanga. Watu walidhani ni bibi aliyepotea njia, wengine wakaanza kumfokea akae. Akapita mbele ya viti vya wazungu, akafika kwenye shuka, akageuka, akatutazama. Akateremsha kitenge usoni. Mkoba wa mke wa Bwana Mluzi ukapita kwenye nguo yake, halafu akaja Damiano wa sinema, anavua pama, anaficha uso, anakimbia juu ya kifua cha mama yangu.

Na Damiano wangu, pale ubavuni mwa viti, akainuka. Hakujua lolote, nawaapia. Alimwona mkwewe tu. Akavua pama, akaiweka usoni, akainama, akageuka. Mkono uleule, bega lilelile. Sauti ya Timotheo ilikuwa ndiyo kwanza inasema tazameni mwizi, ikakatika.

"Ni mkwe," mtu mmoja akasema, sijui nani. Neno likatembea uwanjani, mkwe, ni mkwe, anamkimbia mkwe, mpaka likafika barabarani.

Sasa kwetu mwanamke haolewi na mtu mmoja, anaolewa na ukoo. Mama yangu ni mkwe wa Damiano, na ni mkwe wa ndugu zake, na wa watoto wa baba zake wadogo. Nikamwona Boazi, mdogo wake, anainuka, anafunika uso kwa mkono, anageuka. Mwingine akainuka, na mwingine. Ukoo mzima wa mume wangu ukatupa mgongo lile shuka. Halafu wakainuka wasio wa ukoo. Wakainuka waliosema lisemwalo lipo. Wazee wakavuta mablanketi kichwani. Wanawake nao wakageuka, na watoto kwa sababu mama zao wamegeuka. Mimi niligeuka wa mwisho, kwa kuwa nilitaka kwanza kuuona uso wa Bwana Mluzi, na hata nilipogeuka niliendelea kuchungulia juu ya bega.

Bwana DC alipotazama nyuma aliona migongo. Bwana Mluzi akasimama, akasema kwa sauti kwamba huu ni mchezo, tumeupanga. Akatuamuru tugeuke tukae. Hakuna aliyegeuka. Basi akafanya alichozoea, akapiga mluzi, ule wa kuwaita vibarua asubuhi. Vibarua wake walikuwepo, nusu ya uwanja ni wao, na wana watoto wa kulisha. Hakugeuka hata mmoja. Aliyeinuka ni mbwa.

Nilicheka. Nilicheka nimefunika uso, mabega yananitikisika, na machozi yanatoka, yote kwa pamoja.

Bwana Picha akamwambia Timotheo awaambie watu wageuke. Timotheo akakishika kile kipaza sauti. Nilidhani atasoma alichoandikiwa.

"Bwana DC," akasema, "mtu huyu hakuiba. Anampisha mama mkwe wake, na huko kwetu hiyo ndiyo adabu. Nilikuwepo Tunduma. Nilijua, nikasoma nilichopewa. Leo sisomi."

Akakiweka chini. Akaja, akapita katikati ya wazungu na suruali yake ya pasi, akasimama mbali kidogo nami, akaipa sinema mgongo. Sinema ikaendelea peke yake, bila maneno, mtu anachapwa viboko na hakuna anayemtazama. Nilimsikia Bwana DC anamuuliza Bwana Picha jambo kwa Kiingereza, na Bwana Picha anajibu kwa kirefu, na DC anauliza tena lilelile.

Ndipo mama akasema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Damiano mwanangu, leo nimekufungulia. Geuka, unione."

Ni kitu ambacho watu husubiri miaka. Wengine huchinjiwa kuku, wengine hupikiwa pombe, na mama yangu alikitoa pale mbele ya DC na mbwa wa Bwana Mluzi. Nilimtazama mume wangu kwa pembe ya jicho. Aliishika pama usoni kwa mikono yote miwili. Mtu asiyesema hata harusini.

"Nashukuru, mama," akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza kwake maishani. "Lakini sitageuka mpaka lile shuka literemshwe."

Na sisi hatukugeuka. Wala hatukukaa. Upepo wa Mbozi mnaujua unavyokuwa jua likishazama, watoto wakaanza kulia baridi, mama zao wakawabana vifuani na kubaki pale pale. Tulisimama mpaka Bwana DC alipoinuka kwenye kiti chake akasema teremsha. Bwana Picha akamtazama Timotheo. Timotheo akatazama mbele. Basi, na hapa mgala muue na haki yake mpe, Bwana Picha akavua koti, akapanda ngazi mwenyewe, akafungua kamba za mkalitusi mmoja, akahama, akafungua za mwingine. Tulisikia shuka linaanguka.

Mwene hakungoja baraza liamue. Alizunguka mpaka mbele ya Damiano, akamvisha ile kamba ya ufunguo shingoni, migongo yetu bado imeelekea wazungu, wala hakumwomba mtu ruhusa. Bwana DC aliona, hakukataza, akaagiza kofia yake aondoke. Ghala lilifunguliwa wiki hiyohiyo na halikufungwa. Timotheo alipoteza kazi, na miaka yote aliyokaa kwetu ndiye aliyekuwa anapima kahawa. Sinema ile sijui ilikwenda wapi. Huenda huko Mwanza mume wangu ni mwizi mpaka leo.

Lakini pale uwanjani kulikuwa na taa ya mashine tu, hakuna aliyekumbuka kuizima, na mama yangu amesimama ndani yake peke yake. Damiano akashusha pama. Akageuka. Akamtazama aliyemzaa mkewe, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu anioe. Akamtazama muda mrefu, nikaanza kuogopa. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Aida," akasema, "kumbe hizi hasira zako zina mwenyewe."

Mama ndiye aliyecheka wa kwanza.